Mwanga Uliopungua: Kutoka Maabara za Dhahabu za Geita hadi Angahewa ya Sayari ya Tanzanite

Katika ukanda wa dhahabu unaotoka Shinyanga na Kahama kuelekea Geita, kusini mwa Ziwa Victoria, kiasi cha dhahabu kilichomo ndani ya jiwe hupimwa kwa kuigeuza dhahabu hiyo kuwa mvuke na kuangalia ni mwanga kiasi gani unaopotea unapopita katikati ya mvuke huo. Wanaastronomia nao hutumia kanuni hiyohiyo kujua kilichomo katika tabaka la juu la angahewa ya sayari zilizo mbali kiasi kwamba hakuna mtu aliye hai leo atakayeshuhudia chombo kikizifikia. Kazi hizi mbili hazijazoeleka kutajwa pamoja, kwa kuwa moja huhesabiwa kuwa ya riziki na nyingine ya wasomi wa nchi tajiri, lakini atakayezichunguza kwa makini ataona kwamba fundi wa maabara ya madini tayari anajua nusu ya elimu inayohitajika kusoma hewa ya sayari.

Inafaa kuanza na maabara yenyewe. Sampuli ya mwamba husagwa mpaka iwe unga laini, ikachanganywa na oksidi ya risasi, magadi na boraksi, kisha ikayeyushwa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,100 za Selsiasi. Risasi inayoyeyuka huikusanya dhahabu na kushuka nayo chini ikiwa kitufe kizito, huku uchafu wa mwamba ukibaki juu na kuganda kama kioo. Kitufe hicho huwekwa katika kikombe cheupe chenye vinyweleo, ambacho kikipashwa moto huinywa risasi yote na kuacha punje ndogo ya dhahabu na fedha, mara nyingi ndogo kiasi cha kuhitaji kibano kuishika. Punje huyeyushwa kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya hidrokloriki, na myeyusho wake hupulizwa kwa rasharasha ndani ya ndimi za moto, ambamo dhahabu huachana na kuwa atomu moja moja. Upande mmoja wa moto huo kuna taa ambayo ndani yake kumewekwa dhahabu, nayo hutoa mwanga wa urefu wa wimbi ambao atomu za dhahabu huufyonza, hasa ule wa nanomita 242.8 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ambao jicho la binadamu haliuoni. Upande wa pili kuna kipokezi. Dhahabu inapokuwa nyingi motoni, mwanga unaokifikia kipokezi hupungua, na upungufu huo ndio unaogeuzwa kuwa gramu kwa tani katika ripoti inayosubiriwa na mwenye mgodi.

Jambo moja katika kazi hiyo linastahili kukumbukwa, kwa sababu bila hilo kipimo chote hakina maana. Fundi makini hasomi sampuli peke yake. Kabla na baada yake hupitisha myeyusho mtupu usio na dhahabu kabisa, pamoja na miyeyusho ambayo kiasi chake cha dhahabu kinajulikana tayari, ili kuhakikisha kwamba upungufu anaouona umetokana na dhahabu ya mteja na si taa iliyochoka au moto ulioyumba.

Kanuni hiyo inagusa maisha ya watu wa ukanda huu kwa namna nyingine ambayo ni nzito zaidi. Wachimbaji wadogo, baada ya kupitisha mawe kwenye makarasha na kuuosha mchanga, huikamata dhahabu kwa zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko huo ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na mvuke wake hauna rangi wala harufu ya kumwonya anayeuvuta, mama aliyeketi jirani au mtoto anayecheza uani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa kimataifa uliosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, uliichagua Rwamagasa, katika Geita, kuwa sehemu ya kuchunguza madhara ya zebaki kwa mazingira na kwa afya. Mvuke wa aina hiyo hugunduliwa kwa taa ya zebaki: mwanga wake wa nanomita 253.7 hupitishwa katika hewa inayotiliwa shaka, na kama upande wa pili umefika pungufu, basi zebaki imo hewani hata kama macho hayaoni kitu. Kuijua hewa kwa kile inachokizuia si elimu ya anasa mahali ambapo hewa yenyewe inaweza kumuua mtu polepole.

Asili ya njia hii, hata hivyo, ni angani. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo wa Ujerumani, aliutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaona kwamba upinde wa rangi uliotokea umekatwa na mamia ya mistari myeusi. Ilipofika 1859, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen wa Heidelberg walikuwa wamethibitisha kwamba kila elementi ina mistari yake, na kwamba mistari myeusi ya jua ni alama ya atomu zilizomo katika tabaka zake za nje, ambazo hufyonza mwanga unaotoka chini yake. Wataalamu wa nyota walikwisha kuutumia ufyonzaji huo kwa karibu karne nzima kabla Alan Walsh, mwanafizikia aliyefanya kazi Melbourne, Australia, hajaeleza mwaka 1955 jinsi taa, moto na kipokezi vinavyoweza kupangwa mezani ili kupima madini. Kwa hiyo mashine zinazopima dhahabu ya Geita ni watoto wa elimu ya nyota, na si kinyume chake.

Kwa sayari, mwanga wa nyota hutumika kwa njia mbili zinazofanana kwa nje lakini tofauti kwa ndani. Ya kwanza ni pale sayari ya mfumo wa jua inapopita mbele ya nyota ya mbali na kuifunika. Mwezi unapoifunika nyota, nyota huzimika ghafla, kwa sababu mwezi hauna angahewa ya maana. Lakini sayari yenye hewa huifanya nyota ififie taratibu, kwani hewa hupinda mwanga, na kadiri mwanga unavyopita chini zaidi, palipo na hewa nzito zaidi, ndivyo unavyopindwa na kutawanyika zaidi. Kasi ya kufifia huonyesha jinsi hewa inavyopungua kadiri mtu anavyopanda juu, na kutokana na hapo hupatikana joto la hewa ikilinganishwa na uzito wa molekuli zake: hewa ya moto na nyepesi huinuka na kuenea mbali, ya baridi na nzito hulala karibu na sayari. Uzuri wa njia hii ni kwamba huzifikia tabaka za juu kabisa, zenye hewa nyembamba mno kuweza kuonekana kwa njia nyingine.

Bahari ya Hindi ina sehemu yake katika historia hiyo. Usiku wa tarehe 10 Machi 1977, ndege ya utafiti ya Marekani iliyobeba darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 91 iliruka kusini mwa bahari hiyo, ikiwa na James Elliot na wenzake, ili kuitazama Uranus ikiifunika nyota na hivyo kuichunguza angahewa yake ya juu. Kabla sayari haijaifikia nyota, mwanga ulikatika kwa muda mfupi mara kadhaa, na baada ya sayari kupita ukakatika tena kwa mpangilio uleule upande wa pili. Ndivyo pete za Uranus zilivyogunduliwa na watu waliokuwa wamekwenda kutafuta hewa. Miaka kumi na mmoja baadaye, tarehe 9 Juni 1988, ndege hiyohiyo ikiwa juu ya Bahari ya Pasifiki, nyota iliyofunikwa na Pluto ilififia polepole badala ya kuzimika, na kwa hilo ikathibitika kwamba Pluto ina angahewa, ingawa shinikizo lake ni takriban sehemu moja tu ya laki moja ya lile la hewa ya dunia.

Njia ya pili inahusu sayari zinazozunguka nyota nyingine, na ndiyo iliyo karibu zaidi na meza ya maabara. Kama mzunguko wa sayari umekaa sawasawa na mstari wa macho ya dunia, sayari hupita mbele ya nyota yake kila inapozunguka, na tukio hilo huitwa mpito. Mwili wa sayari huzuia sehemu ya mwanga, lakini kuizunguka kuna utepe mwembamba wa hewa ambao mwanga wa nyota hupenya ndani yake ukielekea duniani, na atomu za utepe huo hufyonza urefu wa mawimbi zinaoufahamu zenyewe. Ndiyo kusema nyota ni taa, hewa ya sayari ni moto wenye sampuli, na darubini ni kipokezi. Katika urefu wa wimbi ambao hewa huufyonza, sayari huonekana kubwa kidogo kuliko kawaida, na tofauti hiyo ndogo ndiyo jibu linalotafutwa.

Mpito wa kwanza wa namna hiyo ulionekana mwaka 1999 kwa sayari HD 209458b, jitu la gesi lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 160. David Charbonneau na wenzake waliielekezea darubini ya anga ya Hubble, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2002 yakaonyesha sodiamu katika hewa yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa angahewa ya sayari iliyo nje ya mfumo wa jua kutambuliwa. Mwaka uliofuata Alfred Vidal-Madjar na kundi lake waliutazama mpito wa sayari ileile katika mwanga wa urujuanimno ambao hidrojeni huufyonza. Mwili wa sayari huzuia takriban asilimia 1.5 ya mwanga wa nyota, lakini katika urefu huo wa wimbi upungufu ulifikia takriban asilimia 15. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba sayari imezungukwa na wingu kubwa la hidrojeni linaloiponyoka na kupotea angani, kwa kiwango kilichokadiriwa kuwa angalau tani 10,000 kila sekunde. Tabaka la juu la angahewa si paa lililotulia. Ni mlango ambao kupitia kwake sayari inaweza kupoteza hewa yake kwa mamilioni ya miaka, na anayetaka kujua kwa nini sayari moja imebaki na hewa na nyingine imekuwa mwamba mtupu lazima aanzie hapo.

Tanzania ina sayari yake katika orodha hii. Mwaka 2019, katika zoezi la dunia nzima la Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, nchi ilipewa nafasi ya kuipa jina nyota WASP-71 na sayari yake. Nyota ikaitwa Mpingo, na sayari ikaitwa Tanzanite. Sayari hiyo iligunduliwa na mradi wa WASP, ambao haukutumia darubini kubwa bali safu za kamera zenye lenzi za upana wa sentimita 11 hivi, zilizowekwa La Palma katika Visiwa vya Kanari na Sutherland nchini Afrika Kusini. Tanzanite ina tungamo la zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, imevimba kwa joto hadi kuwa na upana wa takriban mara moja na nusu ya Mshtarii, na huizunguka Mpingo kwa siku 2.9. Iko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 1,000.

Kwa bahati mbaya hewa yake ni ngumu kuisoma. Mpingo ni nyota pana zaidi ya mara mbili ya jua, kwa hiyo Tanzanite inapopita mbele yake huzuia takriban asilimia 0.44 tu ya mwanga, na hesabu ya ukubwa wa utepe wa hewa inaonyesha kwamba mchango wake ni sehemu chache tu katika laki moja. Afrika Mashariki imepata bahati nzuri zaidi kwa sayari GJ 1214b, ambayo mwaka 2023 ilipewa jina la Enaiposha, na nyota yake jina la Orkaria, yote kwa lugha ya Kimaa, kutokana na pendekezo la kundi la Kenya. Enaiposha iligunduliwa mwaka 2009 na kundi la Charbonneau huyohuyo, kwa darubini ndogo zenye upana wa sentimita 40, na iko umbali wa takriban miaka ya nuru 48 tu. Nyota yake ni ndogo mno, yenye upana wa karibu moja ya tano ya jua, hivyo sayari yenye upana wa mara 2.7 ya dunia huzuia zaidi ya asilimia 1.3 ya mwanga wake, na utepe wa hewa ya hidrojeni, kama ungekuwapo bila mawingu, ungeonekana kwa urahisi mara kumi hivi kuliko ule wa Tanzanite.

Lakini Enaiposha haikukubali kusomeka upesi. Laura Kreidberg na wenzake waliitazama kwa Hubble katika mipito 15, na matokeo yao ya mwaka 2014 yalikuwa mstari ulionyooka, usio na alama ya maji wala ya methani, jambo lililowalazimisha kuhitimisha kwamba mawingu au utusitusi ulio juu sana umeyafunika yote yaliyo chini. Mwaka 2023 kundi la Eliza Kempton lilitumia darubini ya James Webb kuifuatilia sayari katika mzunguko wake wote, unaochukua saa 38, likapima joto la nyuzi 279 hivi upande wa mchana na 165 upande wa usiku, na kugundua kwamba utusitusi huo unarudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa nyota. Kuhusu tabaka la juu kabisa, mabishano bado ni makali. Heli inayoponyoka sayari hufyonza mwanga wa nanomita 1,083, na mwaka 2022 kundi moja lilitangaza dalili zake kwa Enaiposha kutokana na uchunguzi uliofanywa Hispania, huku makundi mengine yaliyotazama usiku tofauti yakikosa kuiona. Sehemu ya ugumu ni kwamba mistari ya mvuke wa maji na ya hidroksili ya hewa ya dunia yenyewe huangukia jirani na ule wa heli, na kadiri dunia inavyolizunguka jua mistari hiyo husogea ikilinganishwa na ya nyota, hivyo usiku mmoja huwa safi na mwingine ukachafuka. Hili ni tatizo la sampuli tupu, lile ambalo fundi wa dhahabu analijua vizuri: asiyeijua hewa iliyo baina yake na taa hawezi kuapa kuhusu kile alichokipima.

Hapo ndipo mahali pa Shinyanga na Geita panapoanza kuwa na thamani ambayo haijachimbwa. Shinyanga iko karibu digrii 3.7 kusini mwa ikweta na Geita karibu digrii 2.9, nazo Mpingo na Orkaria zipo karibu na ikweta ya anga, kwa hiyo zote mbili hupita karibu na utosi. Kutoka Shinyanga, Mpingo hupita kwenye digrii nne hivi kutoka utosini, na Orkaria chini ya digrii tisa. Nyota iliyo utosini hutazamwa kupitia unene mdogo kabisa wa hewa ya dunia, na uwanda huu nao umeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Orkaria hufika juu karibu saa saba kasorobo usiku mnamo tarehe 10 Juni, katikati ya kiangazi cha Usukuma. Mpingo hufika juu karibu saa sita na nusu usiku katika juma la mwisho la Oktoba, wakati mvua za vuli zinapokaribia au zimeanza kunyesha, jambo linalomlazimu mtazamaji kuwahi Septemba na kungoja usiku wa manane.

Haidhaniwi kwamba darubini ya shule itasoma sodiamu au heli. Hiyo ni kazi ya vyombo vya mabilioni. Inachoweza kupima ni mpito wenyewe. Mpingo haionekani kwa macho matupu, kwa kuwa ni hafifu zaidi ya mara hamsini kuliko nyota ya mwisho inayoonekana, lakini darubini yenye upana wa sentimita 20 au 30 iliyofungwa kamera huiona bila taabu, na upungufu wa asilimia 0.44 unaweza kupatikana kwa kupiga mamia ya picha na kuilinganisha Mpingo na nyota jirani zisizobadilika, ambazo hapa hufanya kazi ya miyeyusho inayojulikana ya maabara. Vipimo vya aina hiyo vinahitajika kwelikweli. Kosa dogo katika kipindi cha sayari hujikusanya mwaka hadi mwaka, na darubini kubwa ikielekezwa kwa saa isiyo sahihi hupoteza muda wa gharama kubwa. Mradi wa Ulaya wa Ariel, unaoandaa darubini ya anga ya kuchunguza angahewa za takriban sayari 1,000, tayari unapokea saa za mipito kutoka kwa watazamaji wa kujitolea wenye darubini ndogo katika nchi nyingi.

Kinachokosekana katika ukanda wa dhahabu si anga wala akili. Dakta Noorali Jiwaji, mwanafizikia wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa miaka mingi ameandika na kufundisha umma kuhusu anga, na walimu wa fizikia wa sekondari hufundisha mche wa kioo na mtawanyiko wa mwanga kila mwaka, mara nyingi kwa mchoro wa ubaoni tu. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inazitaka kampuni za uchimbaji ziandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri kuhusu utekelezaji wake. Mipango hiyo ina haki ya kutanguliza maji, zahanati na madarasa. Hata hivyo, darubini moja yenye kamera na kompyuta, pamoja na fundi wa maabara ya dhahabu atakayepewa muda wa kuwaeleza wanafunzi anavyosoma mwanga uliopungua, ni gharama ndogo ndani ya mipango ya namna hiyo, na mtoto wa mchimbaji wa Geita anastahili kujua kwamba kazi ya baba yake na hewa ya sayari ya mbali zinasomwa kwa kanuni moja.

Shule itakayoanza itahitaji subira na kalenda. Mpito wa Tanzanite huchukua takriban saa tano, na kwa kuwa mzunguko wake unapungukiwa kidogo na siku tatu, kila baada ya usiku tatu mpito hurudi mapema zaidi kwa saa mbili na dakika kama ishirini, mpaka uangukie mchana na kupotea, kisha baada ya mwezi mmoja hivi uonekane tena usiku. Wanafunzi watalazimika kuanza kupiga picha angalau saa moja kabla ya mpito na kuendelea hadi umalizike, kuandika saa ya kompyuta iliyosahihishwa kwa intaneti, kutupa picha zilizopitiwa na wingu au vumbi, na kutuma matokeo yao hata pale mstari wa mwanga unapokuwa umetawanyika kuliko walivyotarajia, kwa sababu vipimo hafifu vya usiku mwingi vikiunganishwa huweza kutoa saa ya mpito iliyo sahihi kuliko kipimo kimoja kizuri.